Kiti cha Nyuma Ndani ya Gari la Kimya

Mlango ulijifunga kwa sauti ndogo, kama mto uliotupwa kitandani, kisha dunia nzima ikakatika. Nilishika masikio yangu yote mawili. Nje ya kioo palikuwa na hamali wa mkokoteni akimtukana dereva wa tuktuk. Niliona mdomo unavyokwenda, niliona mishipa ya shingo ilivyomsimama, lakini tusi lenyewe halikunifikia. Tangu nizaliwe Mombasa sijapata kuona tusi likipita mbele yangu nisilisikie.

"Masikio yangu yamekufa," nikamwambia mjukuu wangu.

"Hayajafa, bibi. Gari ndivyo lilivyo."

"Na injini hujaiwasha?"

"Yanguruma sasa hivi."

"Yangurumia wapi?"

Alicheka mpaka akaegemea usukani. Mimi sikucheka. Nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo na moyo wangu wenyewe nikausikia ukipiga, du, du, kama mtu anayetwanga kisamvu ghorofa ya juu. Mtu kusikia moyo wake mwenyewe mchana kweupe si jambo zuri.

Kwetu Mji wa Kale kimya hakipo. Nyumba zimeegemeana kama walevi. Jirani akikuna nazi najua amekuna ngapi, mumewe akikohoa mimi ndiye ninayemwambia anywe tangawizi. Adhana ya msikiti huu haijesha, ya ule imeshika. Hata msiba kwetu una sauti yake. Sasa nikae ndani ya chumba chenye magurudumu, ngozi nyororo kila upande, baridi ya kutoka kwenye vijitundu, na sauti hakuna? Nilishtuka, na sioni haya kusema hivyo.

Nilifikaje mle ndani, mtu kama mimi? Mjukuu wangu huyu ni msichana, nimemlea mwenyewe tangu mamake, binti yangu, alipofariki. Mimi skuli niliionja tu, nikatolewa nikaozwa, lakini huyu amesoma mambo ya magari mpaka akapewa cheti, na cheti nimekitundika ukutani juu ya friji ili kila anayetaka maji baridi akione. Akapata kazi kwenye yadi inayouza magari makubwa ya kifahari, yale ya juu yanayopandwa kwa kukanyaga kidaraja. Kazi yenyewe ni kukaa na mnunuzi ndani ya gari wakazunguka nalo mjini, amwonyeshe hiki na kile.

Mjomba wake, mwanangu wa kwanza, alipolisikia hilo aliweka kikombe chini.

"Afungiwe ndani ya gari na mwanamume asiyemjua? Vioo vyeusi, na ukipiga kelele nje hakuna anayekusikia? Haendi."

"Atakwenda," nikasema. "Nami nitakaa nyuma."

"Wewe, mama?"

"Kiti cha nyuma kina miiba?"

Basi yakawa makubaliano: nikiwa nyuma, anakwenda, nisipokuwapo, haendi. Meneja wa yadi, kijana wa bara mwenye tai, alinitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi ofisini. "Nyanya atakuwa anafanya nini?" akauliza. Mjukuu wangu akamwambia, "Anakaa tu." Meneja akasema akikaa tu hakuna neno.

Usiku na mchana mtoto alikuwa akinisomesha jikoni ili nisije nikamtia aibu. Gari ni lile lile, injini ni tatu, mtu achague. La petroli, akasema, ni kama jiko la gesi: ukiligusa limeshika. La dizeli ni kama jiko la makaa: lachelewa kidogo, lakini likishika lapika mpaka kwato, na lanung'unika kwa chini. La tatu ni la haibridi, lina petroli na lina umeme, ni kama mpishi mwenye majiko mawili anayehamisha sufuria bila kukuuliza. Hilo ndilo ghali kuliko yote, na ndilo la kimya kuliko yote. Vioo viwili viwili vimebandikwa pamoja, mpira umezunguka milango, na chini ya zulia mmetandikwa kitu kama godoro.

"Watu wanalipa pesa zote hizo wasisikie?" nikamuuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Lo! Wangengoja tu wazeeke, kimya hicho wangekipata bure."

Sikukaa tu, nasema kweli. Mnunuzi wa kwanza, mtu wa bandarini, alisimama kwenye taa na lile la haibridi, nikaona mshale mmoja kwenye dashibodi umelala chini. Nikapiga ukelele, "Limezimika! Shukeni tulisukume!" Kumbe injini hujizima yenyewe gari likisimama. Mtu yule alishika kifua. Hakurudi. Mwengine alitaka kujua likikimbia upepo husikika kiasi gani, nami nikamwambia hapa kisiwani atalikimbizia wapi, aishie baharini? Naye hakurudi. Walikuja wengine wakapiga picha na usukani wakaenda zao. Muda wa majaribio wa mjukuu wangu ukawa unakwisha na hajauza hata moja. Meneja alimwambia wazi, mbele yangu: akipita mwezi huu bila kuuza, kazi hana. Mtoto akawa hali vizuri. Nampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, anauchezea kwa kidole.

Ndipo akaja mzee wa misumeno.

Ni mtu wa mtaa wa Bondeni, ana karakana ya kupasua mbao tangu ujana wake. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, kofia ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, na bakora. Sauti yake ilikuwa ya juu mno, nikadhani ni sauti ya pesa. Alikuwa ameshakuja mara moja kuuliza, siku ambayo mimi sikuwapo, na sasa alitaka kuziendesha injini zote tatu, moja baada ya moja.

Tulianza na la petroli. Yeye kwenye usukani, mjukuu wangu ubavuni mwake, mimi nyuma na mshipi umenibana kama mtoto. Tukapita Bondeni ili watu wake wamwone, tukaingia njia ya Marikiti. Huko ndiko nilikoogopa zaidi. Nimekwenda Marikiti maisha yangu yote, najua kelele zake: wachuuzi wa maembe, mahamali wanaolia "kando! kando!", wanawake wanaogombea bei ya bizari. Sasa nawaona wote midomo wazi na sauti hawana, kama samaki wanaouzwa wangali hai. Nilitaka kushuka.

Nikaona bora nizungumze, nivunje kile kimya. "Sabalkheri, baba," nikamwambia mzee. Hakuitikia. "Umeamkaje?" Kimya. "Wa nyumbani hawajambo?" Kimya.

Damu ilinipanda. Mwanamume wa Mombasa, tena mwenye kofia ya vito, asalimiwe na mwanamke mtu mzima asijibu! Hata anayedaiwa huitikia salamu. Nikasema moyoni, huyu pesa zimemla adabu.

Tulipofika Mama Ngina, kando ya bahari, akasimamisha, tukashuka kunywa madafu. Akanigeukia, na lo! Akanisalimu mwenyewe, salamu ndefu ya kizamani, hawajambo wa huku na wa kule, afya, wana, wajukuu, kila neno mahali pake, mpaka nikaona haya kwa niliyomfikiria. Sikuelewa. Ndani ya gari bubu, nje ya gari sheikh?

Tukarudi kuchukua lile la haibridi, nikamjaribu tena kutoka nyuma. Mara hii mjukuu wangu alikigonga kioo kidogo cha juu kwa ukucha. Mzee akainua macho, akaniona kiooni mdomo ukicheza.

"Wajukuu hawajambo?" nikauliza.

"Alhamdulillahi."

"Na kazi?"

"Njema. Twashukuru."

"Nimeanguka ngazi juzi, kiuno chaniuma."

"Alhamdulillahi," akasema. "Mungu azidishe."

Nikakodoa macho. Mungu azidishe? Nikasema nimekosea kusema, au yeye ana kisirani na mimi. Nikajongea mbele kidogo. "Paka wa jirani amenilia samaki wangu, mzima na kichwa chake."

"Mashaallah," akasema mzee. "Na wote nyumbani wasalimie."

Nilirudi nyuma nikaegemea ile ngozi. Subhanallah. Mtu huyu hasikii! Hasikii hata kidogo. Salamu zetu sisi zina ngazi zake, kila mtu ajua baada ya hili huja lile, na yeye alikuwa akipanda ngazi zile kwa kukumbuka tu. Watu wangapi wa Bondeni wamemwuliza hali miaka yote hii wakaridhika na jibu? Labda mimi ndiye wa kwanza kumwambia habari za paka.

(Haya nayaandika kwa ruhusa yake mwenyewe. Siku hizi huvaa kidude sikioni na hafichi tena. Wakati ule alificha.)

Tukafika mzunguko wa barabara, tukasimama kungoja zamu. Lile la haibridi likajizima injini. Mzee akabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa zikafa. Akabonyeza tena, zikawaka. Akangoja, akakunja uso, akabonyeza mara ya tatu, akalizima kabisa katikati ya njia, magari nyuma yetu yanalia honi nasi hatuyasikii, naona tu madereva wamejitokeza vichwa madirishani wanatupungia ngumi. Alikuwa hajui gari li macho au limelala. Mimi mwenye masikio sikujua, yeye atajuaje? Jasho lilimtoka chini ya kofia. Mjukuu wangu alinyoosha kidole taratibu akamwonyesha kijitaa cha kijani kwenye dashibodi, bila neno.

Mwisho tukachukua la dizeli. Alipoliwasha tu nikauona uso wake ukifunguka. Alilaza kiganja juu ya gia, akaegemeza goti mlangoni, akatabasamu peke yake kama mtu aliyepokewa na jamaa yake kituoni. Gari lile nalo lilikuwa la kimya kwangu, lakini kwenye nyayo za miguu palikuwa na kitu kinachotetemeka kwa mbali. Mzee akaliendesha vizuri mno, hakukosea hata kona.

Tukarudi yadi. Nikamvuta mjukuu wangu nyuma ya nguzo.

"Wajua kwamba mzee huyu hasikii?"

"Najua, bibi."

"Wajua! Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Kwani hukuona nikisema naye najigeuza mzima kama mlango? Asoma midomo ya aliye mbele yake, si ya kiooni."

"Na wampa usukani?"

"Kuendesha ni macho, bibi. Leseni anayo, na wasiosikia barabarani ni wengi, waangalifu kuliko sisi. Wewe wasikia, na wiki jana ulivuka mbele ya lori ukimwita muuza mbaazi."

Nilishtuka tena, mara hii kwa huyu mtoto niliyemfunga kanga mgongoni. Ameyajua haya yote na nyumbani hajatoa hata pumzi.

Sasa meneja alikuwa ameshamkalisha mzee kwenye kiti, ameinamia karatasi zake, maneno yanamtoka huku macho yako chini. "Hili la haibridi ndilo lenyewe, mzee wangu. Kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Tuandike hili, sivyo?"

"Naam, naam," akasema mzee.

"Rangi hii hii?"

"Naam. Mungu azidishe."

Na kalamu akaishika! Niliona lile jambo la paka likirudi, ila sasa hakuna paka, ni mali ya mtu. Mzee angetia sahihi gari asilojua kama limewaka, kwa sababu tu ya kuona haya kusema "sikukusikia".

Mjukuu wangu akazunguka meza, akasimama mbele ya mzee, uso kwa uso. "Baba," akasema polepole, bila kupaza sauti, "hili silo lako. Lako ni la dizeli."

Meneja aliinua kichwa kama aliyeumwa na nyigu.

Mtoto hakumngoja. Alikwenda akaliwasha lile la dizeli, akaweka kiganja chake juu ya boneti. Mzee akanyanyuka akaweka chake upande wa pili. Akafumba macho.

"Hili li hai," akasema, kwa ile sauti yake ya juu, yadi nzima ikageuka. "Hili nalitaka."

Meneja akamwita mjukuu wangu pembeni, karibu na ofisi ya vioo. Mimi nikafuata, hakuna aliyenialika. Alikuwa akiivuta tai yake, nami simlaumu, na yeye ana wakubwa wake.

"Mteja ameshakubali la ghali," akasema, "unamrudisha nyuma kwa nini? Nipe sababu moja. Kama huna, kesho usije."

Mjukuu wangu akanyamaza.

Nikamkanyaga mguu. Neno moja tu! Sema hasikii, yaishe. Akanigeukia, macho yamejaa maji, akatikisa kichwa kidogo mno. Nikaelewa. Mzee alikuwa hatua chache kutoka pale, na wateja wengine, na walinzi, na kesho Bondeni nzima. Siri ile haikuwa yake, basi angeipoteza kazi nayo ikiwa kifuani. Wallahi nilishtuka kuliko siku ile mlango uliponifungia. Mimi mdomo wangu haujapata kufungwa na mtu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alishindwa.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini, nyanya?"

"Mimi ndiye niliyemvuruga. Njia nzima nimemwambia lile la kimya lina majini. Mtu mzima kaogopa. Mtoto afanye nini?"

Meneja akaachama. Mjukuu wangu naye akaachama. Nikakaza uso kama mtu anayeyajua hayo majini kwa majina yao.

"Nyanya," akasema meneja baada ya kupumua mara nyingi, "kuanzia leo, gari langu hupandi tena. Hata kiti cha nyuma. Hata lililosimama."

La dizeli likaandikwa, na kazi ya mtoto kwa upande wa yadi ikapona. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilidhani atanishukuru, au atacheka. Alikwenda mpaka tukaingia uchochoro wetu ndipo akasema, "Na mjomba?"

Nilikuwa nimesahau. Nimeziba tundu hili, nimetoboa lile.

Mwanangu alikuja Ijumaa baada ya sala. Habari zilikuwa zimeshamfikia, na mjini kwetu habari hazihitaji gari. Alikaa mkekani, hakugusa kahawa.

"Makubaliano ni makubaliano, mama. Hukai nyuma, haendi. Jumatatu abaki nyumbani."

"Mtoto ameuza gari!"

"Mashaallah. Abaki nyumbani."

"Wewe hujui alilolifanya."

"Basi niambie."

Na ndipo nilipokwama. Nikimwambia nimemvua mzee nguo. Nisipomwambia nimemzika mtoto. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkono ukutani. Nilifungua mdomo nikaufunga, mwanangu akanitazama kwa hofu, hajapata kuniona hivyo.

"Hodi!" ikapigwa chini, sauti ya kuangusha vumbi darini, na kabla hakujasemwa karibu, bakora imeshaanza kupanda ngazi.

"Ni nani huyu aingiaye nyumba za watu hajakaribishwa?" mwanangu akasimama amekunja uso.

Alikuwa mzee wa misumeno. Gari lake ameliacha barabarani, kwetu halipiti. Alimpita mjukuu wangu, akaketi mbele ya mwanangu, akapanga kanzu yake.

"Nilikwenda kuchukua gari langu," akasema, "mlinzi akanihadithia kwamba nimeogopa majini. Nikacheka. Kisha nikauliza binti yuko wapi, nikaambiwa mjombake anataka kumkataza. Sikucheka tena." Akatoa kitambaa akajifuta uso. "Mwanangu, mimi sisikii. Tangu zamani. Misumeno imenila masikio, na mke wangu ajua, na hakuna mwengine. Binti huyu aliniona siku ya kwanza. Angeninyamazia, ningetia sahihi gari la ghali nisilojua kama liko hai. Mlinzi asema alipoulizwa sababu, alikubali kufukuzwa kuliko kunitaja mbele ya watu. Wewe waogopa nini atakapokaa na mtu ndani ya gari? Aogope huyo mtu, akiwa mwongo."

Mzee wa rika lile, na jina lake Bondeni, ameyabeba masikio yake miaka yote kwa salamu na kutikisa kichwa, amekuja kuyamwaga juu ya mkeka wangu mbele ya kijana. Nilijikuta nimeziba mdomo kwa ncha ya leso. Mjukuu wangu alikuwa ameketi ngazini, uso magotini.

Mwanangu aliinamisha kichwa. Shingo yake ilikuwa imemwiva. Akasema kitu akiutazama mkeka, kitu kirefu, mimi nilikisikia chote.

Mzee akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, hajui ameambiwa nini.

Nikampiga mwanangu kofi la goti. "Inua uso, wewe! Mtu hasomi utosi."

Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu.

"Aende," akasema.

"Polepole," nikamwambia. "Na ufungue mdomo."

"Aende kazini," akasema mwanangu, neno moja moja, "peke yake."